Mtu Aliyeanguka Mtihani, Je, Aombe Kazi ya Kutibu Wanyama?

Ndugu wasomaji, liko neno moja lililotusumbua moyoni kwa muda wa miaka mitatu. Twaona vema kuliandika hapa, maana walimu wa mitaa na wazee wa sharika hupatwa nalo kama tulivyopatwa sisi. Ni neno la kijana mwenye alama mbaya atakaye kazi iliyo kubwa kuliko alama zake.

Kijana mmoja wa mtaa wetu alitujia jioni, akaketi barazani, akazungumza habari za mvua na za migomba mpaka jua likazama. Hapo ndipo alipotoa karatasi mfukoni. Ilikuwa hati ya matokeo yake ya kidato cha sita: Biolojia D, Kemia E, Fizikia F. Akasema, “Baba Mchungaji, tangu utoto nataka kuwa daktari wa wanyama. Naomba uniandikie barua ya ushuhuda. Andika ya kuwa niliugua wakati wa mtihani.” Tukamwuliza, “Mwanangu, uliugua lini?” Akatazama chini. Kisha akasema, “Wengine wote huandikiwa hivyo.” Tulipomwambia kwamba hatuwezi, alisimama akaenda zake, wala chai aliyotengewa hakuinywa.

Usiku ule hatukulala vema. Tulijiuliza, Je, tumetenda haki, au tumemfungia mlango mtoto wa maskini kwa ajili ya mstari mmoja wa wino? Basi na tulipime neno hili polepole.

Kwanza tuulize, alama ni nini? Alama ni shahidi. Ni shahidi wa siku moja, juu ya jambo moja, naye husema alichokiona tu. Kibaba hukuambia unga ni kiasi gani. Hakikuambii kama unga ule ni mtamu au umeoza. Vivyo hivyo E ya Kemia husema ya kuwa mtu huyu, siku ile, alijua Kemia kidogo. Haisemi kwamba ni mjinga, wala kwamba ni mvivu, wala kwamba hafai kitu. Wazazi wasomao zaidi ya yaliyoandikwa humwonea mtoto. Lakini kijana asemaye ya kuwa alama si kitu naye hukosa, maana amemfukuza shahidi kwa sababu ushuhuda wake haukumpendeza.

Tena watu huanguka kwa njia zisizo sawa. Yuko aliyejitahidi kwa nguvu zake zote asifahamu. Yuko ambaye angefahamu, bali hakujitahidi. Na yuko aliyezuiwa: shule yake haikuwa na mwalimu wa Kemia, wala chupa moja ya kufanyia majaribio, au alifukuzwa karo mara kwa mara. Hawa watatu waweza kuleta karatasi yenye herufi zile zile, lakini dawa yao si moja. Kwa hiyo, kabla ya kuomba mahali po pote, yampasa kijana ajiulize yeye mwenyewe, tena bila upendeleo: Mimi ni yupi katika hawa watatu?

Pili, tuutazame mlango wenyewe. Katika nchi yetu ya Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine kilichoko Morogoro hufundisha udaktari wa wanyama kwa muda wa miaka 5. Kwa kawaida atokaye kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu vizuri masomo mawili yapasayo, yenye jumla ya pointi 4 kwa uchache, na Kemia na Biolojia ndiyo shina la kazi hiyo. D ni pointi 2, na E ni pointi 1. Basi kijana wetu alikuwa na 3. Na hata mwenye 4 kamili hana hakika, kwa kuwa nafasi ni chache na waombaji ni wengi.

Wengine hunung'unika, husema mlango huu umewekwa na wenye kiburi ili watoto wa wakulima wabaki nje. Sisi nasi tuliwahi kusema hivyo, mpaka tulipoona jambo hili. Katika usharika wetu yuko mama mjane aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, aliyemlisha kwa majani na vigogo vya migomba. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyosomesha watoto wawili. Siku moja ng'ombe alishikwa na homa, tezi zilizo chini ya masikio zikavimba, akaacha kula. Akaitwa mtu mmoja mwenye mkoba na sindano, ambaye watu walimwita daktari. Hakuwa daktari. Alitazama, akatikisa kichwa kama mtu ajuaye, akampiga ng'ombe sindano ya dawa ya minyoo, akapokea fedha yake. Kumbe ugonjwa ulikuwa ndigana kali, uletwao na kupe, usiojali dawa ya minyoo hata kidogo. Siku ya nne ng'ombe alikuwa akipumua kwa shida, povu puani, usiku akafa. Mtoto wa pili aliacha shule muhula uliofuata.

Ndugu, mnyama hasemi anaumwa wapi. Aliyeumizwa kwa kosa la daktari hatakwenda kushtaki. Kipimo cha dawa huhesabiwa kwa uzito wa mnyama, na akosaye hesabu huua kwa kuzidisha au hudanganya kwa kupunguza. Dawa nyingine hubaki katika maziwa kwa siku kadha, na asiyejua siku za kungoja humnywesha mtoto wa jirani dawa ya ng'ombe. Mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta haupasi kupasuliwa; asiyeujua huupasua, nyama ikagawanywa, na kijiji kikalia. Ndiyo sababu Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka baraza la kuwaandikisha watu wa kazi hii. Mlango ule haukuwekwa kwa ajili ya heshima ya walio ndani tu. Umewekwa kwa ajili ya mjane yule.

Sasa turudi kwenye barua. Wako wasemao ya kuwa mchungaji au mwalimu yampasa kuwa na huruma, na kwamba uongo mdogo umsaidiao maskini si uongo wa kumhukumu mtu. Sisi twauliza, Huruma hiyo hulipwa na nani? Nikikupa shuka langu, nimekuhurumia, maana baridi itakuwa yangu. Nikikupa shuka la jirani yangu naye amelala, sikukuhurumia kitu; nimemwibia yeye ili nisifiwe na wewe. Barua ya uongo ni shuka la jirani. Aandikaye hapotezi neno. Atakayelipa ni mtu asiyemjua, mwenye ng'ombe mmoja, baada ya miaka kumi. Tena hulipa mwingine: yule kijana mwenye alama za kweli ambaye nafasi yake imechukuliwa, naye labda ni maskini kuliko huyu.

Wengine husema, “Kuficha si kusema uongo.” Twakubali ya kuwa mtu halazimishwi kuutangazia ulimwengu aibu zake. Lakini aulizwaye kwa haki na mwenye haki ya kujua, akaficha, huyo amedanganya kwa kunyamaza. Wala hatutaji wale wanaogeuza herufi katika hati kwa ujuzi wa mashine. Hao hata sheria ya nchi yawajua.

Je, basi, aliyeanguka akae chini asiombe tena? Hasha. Hapa ndipo twapenda walimu wetu wasikie vizuri, maana wengi hukataa uongo kisha huishia hapo, wakamwacha kijana mlangoni kama mzigo usio na mwenyewe. Kukataa uongo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwonyesha njia.

Njia ziko. Aweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akishughulika na lile somo lililomwangusha. Aweza tena kuingia katika vyuo vya mifugo vya serikali, kama vile Tengeru, Mpwapwa, Buhuri au Madaba, akasomea stashahada. Na mwenye stashahada ya kazi hiyo aliyepata wastani wa 3.0 au zaidi huruhusiwa kuomba chuo kikuu. Njia hii ni ndefu, bali ni njia. Alama mpya haifuti alama ya kale. Husimama karibu nayo, kama shahidi wa pili, nao wasomao hati hutazama kama mtu anapanda au anashuka. Na akiandika barua ya kuomba, aseme kosa lake kwa maneno machache: nilianguka katika hili, kwa sababu hii, na tangu hapo nimefanya hili na hili. Asilie, wala asiwashtaki walimu wake.

Tena ajue ya kuwa kazi ya kuponya wanyama haina kiti kimoja tu. Wazee wetu walisimuliwa habari za sotoka, iliyoingia kwa upande wa Eritrea mnamo 1887, ikashuka mpaka kusini mwa Afrika, ikawaacha Wamasai na wafugaji wengine bila ng'ombe, na njaa ikafuata. Katika miaka ya 1950 na 1960, Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga katika nchi ya Kenya, walitengeneza chanjo iliyokuwa njema sana. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wenye elimu kubwa. Lakini chanjo ile iliharibika kwa joto, haikufika kwa urahisi katika nchi kame zisizo na barabara. Baadaye ilipopatikana iliyostahimili joto, wafugaji wenyewe walifundishwa kuichanja, wakaichukua kwa miguu mahali ambapo madaktari hawakuweza kufika. Mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa sotoka imekwisha duniani, ugonjwa wa pili kufutwa hivyo baada ya ndui. Sasa niambieni, ni nani aliyeiondoa, mwenye shahada au mwenye miguu? Mmoja bila mwenziwe asingaliweza. Basi kijana atakaye kuwatibu wanyama, na kijana atakaye kuitwa daktari, si kijana mmoja, ingawa huvaa kanzu moja. Wa kwanza akinyimwa kiti cha juu atashika cha chini akatenda kazi. Wa pili akinyimwa jina ataacha kazi yote. Hili nalo ajiulize.

Nasi tusisahau kuwaambia walio ndani ya mlango: shahidi mmoja hatoshi. Mkiona hati mbaya, ulizeni yaliyofuata. Anayepima kwa kibaba kimoja tu naye hukosa, hata kama kibaba chake ni cha haki.

Sasa twamaliza habari ya kijana wetu. Baada ya majuma matatu alirudi. Tukamwuliza kwa upole, “Wewe ni yupi katika wale watatu?” Alikaa kimya kitambo, kisha akasema jambo tusilolitazamia. Alisema ya kuwa tangu kidato cha tatu alikuwa haelewi Kemia, lakini aliona aibu kuuliza. Mwalimu akisema, “Mmefahamu?” yeye alitikisa kichwa pamoja na wenzake. Akatikisa kichwa miaka minne. Tuliposikia hayo tulimkumbuka yule mtu wa mkoba na sindano, aliyetikisa kichwa mbele ya ng'ombe wa mjane. Nasi tulimwambia hivyo, bila kumficha. Alilia.

Basi tukamwandikia barua, na hii ndiyo iliyokuwa ndani yake: kwamba alianguka katika Kemia kwa kuogopa kuuliza, kwamba amelikiri mwenyewe, kwamba tulimwona amekesha usiku mzima na mbuzi aliyeshindwa kuzaa, na kwamba hatuwezi kuahidi atakavyokuwa. Kwa barua hiyo na hati yake ile ile alipata nafasi katika chuo cha mifugo. Kemia anaisoma tena tangu mwanzo. Kama atafika Morogoro hatujui, wala yeye hajui.

Lakini mwezi uliopita, akiwa likizoni, yule mama mjane alimwita. Alikuwa amepata ndama kwa msaada wa jirani zake, naye ndama alikuwa amelala, hasimami. Kijana alimpapasa masikio na tezi, akampima homa, akatazama kinyesi. Kisha akamwambia, “Mama, sijui. Nitamwita anayejua.” Akaenda kwa miguu mpaka barabarani kumtafuta daktari wa wilaya.

Ndama amepona. Lakini hata kama angalikufa, tungaliandika haya haya.