Lawama ya Mtoto Asiyestahimili Jua

Ni nani wa kulaumiwa mtoto azaliwapo na maradhi? Katika mitaa yetu jawabu hutoka upesi mno: ni mama. Yasemwa alitembea saa mbaya, au alikula kisichompasa. Sisi twaona hukumu hii ni dhuluma, na twataka kuipima kwa mfano wa ugonjwa mmoja ambao wataalamu wameujua barabara.

Ndani ya chembe za mwili wa mwanadamu mna uzi mrefu uitwao DNA, nao ni mfano wa kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne. Miale ya jua hugandanisha herufi mbili zilizo jirani, zisisomeke sawasawa. Hili hutupata sote tutokapo mchana. Lakini chembe ina watumishi wake, nao ni protini. Mmoja hutafuta palipopindika. Wengine huzifungua nyuzi mbili zilizosokotana. Wawili hukata, huyu upande huu na yule upande ule, kikatoka kipande cha herufi 30 hivi. Kisha mwingine huandika upya kwa kuutazama uzi wa pili uliosalimika, na wa mwisho huunga. Fundi wa kanzu hatii kiraka vizuri kuliko hivi. Kazi hii aliichunguza sana Aziz Sancar, mzaliwa wa Savur nchini Uturuki, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Twamtaja kwa furaha, kwani wako wadhanio kuwa elimu hii haituhusu.

Basi wako watoto wachache ambao mmoja wa watumishi hao hayuko kwao, au yuko wala hana nguvu. Ngozi yao hujaa madoa mapema, na saratani huwashika wangali wadogo. James Cleaver alionyesha mwaka 1968 kuwa chembe zao zashindwa kuyatengeneza madhara ya miale.

Upungufu huo shurti utoke kwa baba na utoke kwa mama. Kila mmoja wao ana nakala moja mbovu na moja nzima, naye haonyeshi dalili. Na kila mimba yao ina fungu moja katika manne la kuleta mtoto mgonjwa. Mume ampaye mkewe talaka kwa sababu hii amemwadhibu kwa jambo ambalo nusu yake limetoka kwake yeye mume.

Hapa yatulazimu kugusa ndoa za binamu. Jamaa wa karibu huenda wakarithi nakala mbovu ile ile kwa babu mmoja, na ndiyo sababu mojawapo ugonjwa huu huonekana zaidi katika nchi kama Tunisia na Moroko. Atatuambia mtu: sheria imeruhusu. Naam, imeruhusu, lakini kuruhusiwa si kuamrishwa, na wazee wamshurutishao kijana amwoe binti ami yake ili mali isitoke nyumbani hawawezi kujificha nyuma ya ruhusa. Ndoa nyingi za namna hii huzaa watoto wazima, wala hatusemi ziachwe. Twasema palipotokea mtoto mgonjwa, ukoo huo una wajibu wa kumwuliza tabibu kabla ya posa nyingine.

Ama mtoto mwenyewe, dawa ya kumponya haijapatikana. Kinga ni nguo ndefu, kofia pana, miwani, na pazia dirishani, kwa kuwa kioo hakizuii miale yote. Mwalimu wa chuo aweza kumpokea baada ya magharibi, pamoja na wenziwe wawili watatu, ili asisome peke yake.