Kudai Likizo ya Mtoto: Je, Ni Kunung'unika?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na ndugu zetu wa mashamba ya chai, Kericho mpaka Bomet. Kaka anasema: mke wangu amejifungua, nimeomba likizo nikanyimwa. Nikifuatilia, si nitakuwa nanung'unika kama Israeli jangwani? Dada naye anauliza kama mtu aliyeokoka anaweza kumpeleka bosi leba.

Mimi naona tunachanganya mambo mawili. Kunung'unika ni kusemea pembeni, mbali na mwenye uwezo wa kurekebisha. Kudai haki ni kusimama mbele yake na kusema wazi. Soma Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi walienda mpaka mlango wa hema ya kukutania, wakamwambia Musa mbele ya wakuu wote kwamba urithi wa baba yao unapotea kwa kuwa hakuacha mwana wa kiume. Musa akamuuliza Bwana. Bwana hakuwaita wakaidi. Alisema wana haki.

Basi jua unachodai. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi 3 kwa mshahara kamili na haki ya kurudi kazini kwake. Baba anapewa wiki 2, pia kwa mshahara kamili. Hiyo si zawadi ya supavaisa. Mama aandike barua angalau siku 7 mbele. Baba naye aandike, maana maneno ya mdomo husahaulika. Weka nakala. Ukinyimwa, mwone mwakilishi wa chama. Kwa wengi mashambani ni KPAWU. Ikishindikana, nenda ofisi ya leba. Bado haijaisha, iko Mahakama ya Ajira, na hata hapa Kericho inaketi. Ukifutwa kazi usikae nyumbani ukihesabu siku: una miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba.

Kuna atakayesema, afadhali ninyamaze, kazi ni adimu na mashine za kuchuna chai zimeshaingia. Hofu hiyo ni ya kweli, na simhukumu anayenyamaza ili watoto wale. Lakini tusiibatize hofu jina la unyenyekevu. Na anayesema tusimwache peke yake. Wale mabinti walikuwa watano. Kanisa linaweza kumsaidia mtu kuandika barua, kumsindikiza leba, na kumpelekea unga kesi ikisubiri. Kumwambia tu "tutakuombea" ni kumwacha mlangoni.

Sasa neno ligeuke upande wetu. Wengi wetu ni mabosi pia. Una ekari moja ya chai na wachunaji wawili, au una dada wa kazi nyumbani. Akipata mimba, unamwambia aende kwao na unatafuta mwingine. Kibarua aliyekufanyia kazi mwezi mzima mfululizo, sheria haimhesabu tena kuwa wa kutwa. Na Wakolosai 4:1 inawaagiza mabwana watende haki, kwa sababu nao wana Bwana mbinguni. Huwezi kufunga na kuomba meneja wa kampuni alainike moyo, huku msichana wa jikoni kwako anaogopa kukuambia ana mimba.

Bwana atupe ujasiri wa kudai kilicho haki, na moyo wa kukitoa tunapodaiwa sisi. Amina.