Mawe ya Baba

Karo yangu ya sekondari ilitoka timboni. Baba alikata mawe ya matumbawe huko Kilifi, yale meupe yenye vitundu, na muhula ukikaribia alikata zaidi. Mimi nikakimbilia kemia, mbali na vumbi. Ndivyo nilivyodhani.

Mwaka wa kwanza wa uzamili, mhadhiri alituonyesha eksirei ya tumbawe. Mistari, jozi moja kila mwaka, upana wa sentimita moja hivi. Tumbawe likijenga mifupa yake huchukua kalsiamu ya baharini, na strontiamu kidogo hupenya humo. Maji yakiwa baridi, strontiamu huzidi. Ukipima mstari kwa mstari, unasoma joto la bahari la miaka ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Na mwamba wa pwani yetu sehemu kubwa ulikua miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ikiwa juu kuliko leo. Nikapiga hesabu: jiwe la inchi tisa, likitoka kwenye tumbawe moja zima, lina miaka ishirini hivi. Sasa karo ya miaka minne je? Sikulala.

Baadaye nikajifunza kwamba mawe mengi hayana neno. Mvua imegeuza aragonaiti yake kuwa kalsaiti, kumbukumbu ikafutika. Nilifarijika upesi mno, na hapo ndipo ninapojishuku. Manake machache yamesalimika, na huwezi kujua ni yapi mpaka uyapime. Na kupima ni kusaga. Jiwe la Baba angalau mtu hulala ndani yake. Langu huishia kuwa unga na tarakimu.

Siwezi kumwambia mtu aliyepinda mgongo kwa ajili yangu kwamba alikuwa akichoma vitabu. Wala siwezi kujidanganya kwamba hakikupotea kitu.

Likizo ya Aprili nilimweleza yote. Akauliza, "Sasa hiyo bahari ya zamani yatusaidia nini?" Nikasema yaonyesha bahari hufanya nini dunia ikipata joto. Akacheka. "Samaki wamepungua, mwanangu. Hilo nakwambia bila mashine."

Kesho yake nilikuta mawe matatu yenye mistari yametengwa kando ya lori.

"Hayo si ya bure," alisema.

Nikatoa pesa. Akazihesabu mara mbili, akaniambia niyabebe mwenyewe.