Mkwaruzo Haujazwi

Doa huondolewaje, na ni lini ni halali kuliondoa? Swali hili latuhusu sisi tuandikao mashairi, kwani nusu ya kazi yetu ni kufuta. Jibu lake nimelipata mbali na bahari, katika kioo cha gari, nchi ya Dodoma.

Dodoma ni nchi kame. Mvua huja kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki hutawala upepo na vumbi. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kioo. Dereva akiwasha waipa juu ya kioo kikavu, mpira huzikokota chembe hizo, nazo huacha upinde wa mistari myembamba. Mchana mistari haisumbui. Jioni, gari lielekeapo Singida na jua limeinama mbele yake, kila mstari huwaka, na mtoto avushaye ng'ombe barabarani hupotea ndani ya mng'ao.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mkwaruzo si ufa. Fundi huchanganya unga wa oksidi ya seriamu na maji, akasugua taratibu kwa kitambaa cha sufu kizungushwacho na mashine, akilowesha kioo kisipate joto kali kikapasuka. Hajazi kitu. Akiondoacho ni kioo kizima kilichouzunguka mkwaruzo. Uzima hushushwa mpaka ukalingana na jeraha, na hapo jeraha halipo tena.

Waungwana, tuzingatie. Watu wakikosana, aliyeumizwa ndiye huambiwa ajikaze, asahau, apande afike walipo wenziwe. Kioo chafundisha kinyume: asiyeumizwa ashuke kidogo, apoteze sehemu ya kilicho haki yake. Suluhu isiyomgharimu mzima ni maneno tu.

Hata hivyo, kushuka kuna mpaka. Fundi hupitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina. Aking'ang'ania kuusugua, huchimba kibonde, na kibonde hupinda taswira: kioo chang'aa, barabara yayumba. Mwenye kuuza gari hufurahia mng'ao huo. Mwenye kuliendesha ndiye alipaye. Mficha maradhi kifo humuumbua. Jeraha la kina heri libaki lionekane, au kioo kibadilishwe, kuliko kudanganya jicho.

Nasi tufasirio mashairi ya wenzetu twakutana na jambo hilihili. Mstari wenye kovu, ukisuguliwa mno, wapendeza, ila aliyeuandika haonekani tena. Wepesi wa ulimi tumeununua kwa sura ya mtu.

Basi kipimo cha usafi ni yule mtoto barabarani. Kioo kiwe na alama au kisiwe nayo, sharti aonekane pale hasa alipo.