Shuka Mikindani, Ukaipime Mashua

Kijana wa Mtwara, maji yakipwa, shuka ufukweni Mikindani. Utaikuta mashua imekaa mchangani, tumbo lake la mviringo liko wazi, pamba ya kalafati imekaza kati ya ubao na ubao. Itazame vizuri. Ile hesabu inayokunyima usingizi, ya kani ya maji kwenye uso uliopinda, iko pale mbele yako.

Najua inapokukwaza. Ukuta ulionyooka hauna taabu: unachukua kanieneo ya katikati, unazidisha kwa eneo, umemaliza. Tumbo la mashua halitaki hivyo. Kila ubao unasukumwa kwa pembe yake, na kadiri unavyoukaribia mkuku ndivyo msukumo unavyozidi. Hapo wengi huweka kalamu chini. Wewe usiiweke! Hesabu hii hukatwa vipande viwili, na vyote viwili unavijua tayari.

Kipande cha kwanza ni kivuli. Fikiria umeimulika mashua kwa tochi kutoka ubavuni: kivuli kinachoangukia ukutani hakina mpindo. Kani ya maji kwenye kivuli hicho ndiyo kani mlalo ya ubavu mzima. Tuseme ubavu uliozama ni robo duara yenye nusukipenyo cha mita 1, nasi tunapima urefu wa mita 1. Kivuli ni mita 1 ya mraba, na kina cha katikati yake ni nusu mita. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Jibu ni sawa na uzito wa kilo 512 hivi.

Kipande cha pili ni uzito wa maji ambayo yangejaza nafasi ile, kuanzia ubao hadi usawa wa bahari, lau mashua isingekuwapo. Robo duara yetu ina mita za mraba 0.785, basi ni kilo 805, zinasukuma wima kwenda juu. Unganisha vipande hivyo kwa Pythagoras: kilo 954, kwa mwinamo wa nyuzi 57 hivi. Mstari wa kani hiyo lazima upite kwenye kitovu cha duara, maana maji husukuma kila ubao kwa pembe mraba. Wako usipopita hapo, rudia.

Karibu tani nzima kwa kila mita ya ubavu! Ndio mzigo yanaoukabili mataruma mle ndani. Kani mlalo za kushoto na kulia huuana. Za wima hujumlishana, zikafika kilo 1,610, nazo ndizo zinazoielesha mashua.

Na kivuli hicho hakiishii kwenye mashua. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na mwaka 2015 likazinduliwa bomba la inchi 36 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Unataka kujua kani inayotaka kulipasua bomba hilo nusu mbili kwa urefu? Chukua kivuli chake, kipenyo mara urefu, uzidishe kwa kanieneo ya gesi. Hesabu hizo lazima zipigwe na mtu. Kwa nini asiwe wewe, mzaliwa wa Msimbati, Madimba au Mikindani?

Basi kesho maji yakipwa, chukua futikamba na daftari. Mwamkie fundi, umwombe mwenye mashua ruhusa. Ligawe tumbo vipande vya mita moja moja, upime mpindo wa kila kimoja, kisha ungoje maji yajae. Mashua ikiinuka tu kutoka mchangani, weka alama pale maji yalipofika, ukapige hesabu ya kani wima. Utakuwa umeipima mashua nzima uzito wake bila mizani, kwa kalamu yako na maji ya kwenu.