Shokapu Inakazwa kwa Faida ya Nani?

Pale Kewanja, Nyamongo, kijana wa bodaboda humwambia fundi: “Kaza shokapu za mbele, nipige mshikaki.” Ndani ya shokapu mna springi na oili. Springi hubeba uzito. Oili hupenya vitundu na kuizuia isirukeruke. Fundi huchomeka kipande cha bomba juu ya springi, akaongeza na oili kidogo. Basi, pikipiki haizami hata wakipanda watatu.

Je, akipanda mama mjamzito peke yake? Kila jiwe litamfika mgongoni, na gurudumu litadunda badala ya kushika njia.

Wapo watakaosema fundi kaagizwa tu, hana kosa. Mimi nakataa. Ajuaye nani atafaidi, anajua pia nani ataumia. Lakini dereva naye tusimmalize: sheria inamruhusu abiria mmoja, ila tajiri anadai hesabu yake kila jioni, mvua au jua. Ugumu wa shokapu ile umeanzia kwenye hesabu hiyo. Fundi amweleze dereva ukweli kabla hajashika spana; naye tajiri apunguze hesabu. Vinginevyo, tutaendelea kumlipisha mama yule kwa mgongo wake.