HOTUBA YA IJUMAA: MAFUTA KATIKA DAMU NA DHANA MBAYA KWA JIRANI



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetuumba kwa umbo zuri na kutukabidhi afya kuwa amana mikononi mwetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa wazi.

Enyi waumini! Mara ngapi tumesimama kwenye janaza ya mtu ambaye jana yake alikuwa sokoni akiuza? Alikula jioni, akaswali Isha, usiku akashika kifua, alfajiri tukaletewa habari ya msiba. Na kabla maiti haijaoshwa, maneno yanaanza uani: "Hapa kuna mkono wa mtu. Alikula kwa nani? Nani alimuonea wivu?" Anatajwa jirani, mara nyingi mama mjane asiye na wa kumtetea. Siku ya tatu jamaa mbili hazisalimiani tena.

Ndugu zangu, sumu iko duniani, na wenye nia mbaya wako. Lakini iko pia sababu nyingine, inakaa ndani ya damu yetu wenyewe miaka mingi bila kuuma. Moja katika sababu hizo ni kolesteroli.

Kolesteroli ni nini? Ni aina ya mafuta ambayo Mwenyezi Mungu ameweka mwilini kwa hekima yake. Sehemu kubwa inatengenezwa na ini letu wenyewe. Mwili unaitumia kujenga kuta za chembe zake na kutengeneza nyongo inayosaga chakula. Kwa hiyo kolesteroli yenyewe si adui. Ubaya unaingia pale inapozidi kipimo.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu ni maji kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo kolesteroli husafirishwa kama mzigo ndani ya mitumbwi. Mtumbwi wa kwanza, madaktari wanauita LDL, unatoa mzigo kwenye ini kuupeleka mwilini. Wa pili, HDL, unasaidia kuurudisha kwenye ini. Mitumbwi ya LDL ikiwa mingi mno, mzigo unamwagika na kunasa katika kuta za mishipa. Mishipa inakuwa myembamba ndani, mwaka baada ya mwaka. Siku moja utando ule unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba. Ikiziba kwenye moyo, mtu anashika kifua. Ikiziba kwenye ubongo, anapooza upande mmoja. Hakuna aliyemtupia kitu.

Enyi waja wa Allah! Katika Sura Al-A'raf, aya ya 31, Mola wetu ameturuhusu kula na kunywa, na ametukataza kupita kiasi. Na Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Tujiulize, sahani zetu ziko namna gani?

Tuchukue mafuta ya mawese, tuliyolelewa nayo. Hayana kolesteroli ndani yake, kwa sababu hakuna mmea wenye kolesteroli nyingi kama nyama. Na wekundu wake unampa mtoto vitamini A. Lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito, ndiyo maana asubuhi ya baridi tunakuta chupa imeganda. Mafuta mazito ya namna hiyo, pamoja na ya nyama nono na siagi, yanafanya ini lishindwe kuondoa LDL vizuri katika damu. Mama zetu, hatusemi muache mawese katika sombe. Tunasema: pima kwa kijiko, usimwage kwa chupa. Mikate ya kukaanga isiwe chakula cha kila asubuhi. Tuzidishe maharagi, mboga za majani, matunda, karanga, na samaki kama ndakala na sambaza. Tutembee kwa miguu, walau nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Na sigara tuiache kabisa, maana inaharibu kuta za mishipa.

Tusidanganyike na umbo. Mtu mwembamba naye anaweza kuwa na kolesteroli nyingi, na wengine wanairithi kwa wazazi. Haina dalili, inajulikana kwa kipimo cha damu tu. Kwa kawaida jumla yake inatakiwa iwe chini ya gramu 2 katika lita moja ya damu, ndiyo 200 mg/dl. Aliyefika miaka 40, mwenye tansio, mwenye ugonjwa wa sukari, au mwenye mzazi aliyekufa mapema kwa moyo, aende akapimwe. Tangu mwaka 1987 kuna vidonge vya jamii ya statini vinavyopunguza kazi ya ini ya kutengeneza kolesteroli. Daktari akikuandikia, usiviache kwa sababu unajisikia mzima. Mtume (S.A.W.) ameamrisha tutafute dawa, kutibiwa hakupingi tawakkul.

Na mtu akibanwa kifua kwa ghafla, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, jasho likamtoka na pumzi ikakatika, apelekwe hopitali saa ileile. Tusimpitishe kwanza kwa mpiga ramli. Dakika hizo ndizo uhai wake.

Mwisho, ndugu zangu, tuchunge ndimi zetu. Sura Al-Hujurat, aya ya 12, inatukataza kufuata dhana, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Anayemzushia jirani mauaji bila ushahidi amebeba mzigo mzito kuliko msiba wenyewe. Tukienda matangani tupeleke chakula na dua, tusipeleke majina ya watu. Na mwenye uwezo, sadaka yake ya mwezi huu iwe kumlipia mzazi wake kipimo kimoja cha damu.

Ewe Mola wetu, tupe afya ya mioyo, ile ya nyama na ile ya imani. Waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, waunganishe majirani waliotengana. Aamin.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe ovyo, ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.)